Palizi ya Salvina Mlimani

Wanawake wa Ushirombo walipotembelea bustani ya mimea kwenye hifadhi ya mlima, Salvina aliona haya kukaa bure. Kwao mgeni humsaidia mwenyeji palizi. Akainama, akang'oa tuta zima la mimea aliyodhani ni magugu.

Mama Telesphori, mmoja wa wenzake, akacheka. "Shamba lako limekushinda, unapalilia mlima?"

Mzee Hatibu, mtunza bustani, akaja mbio. "Miche yangu ya miaka mitatu! Kibao hukukiona?"

"Nimekiona, baba."

"Kinasemaje?"

Wenzake wakamgeukia. Salvina aliacha shule darasa la pili, lakini aliwaambia wote kwamba anajua kusoma. Akatazama udongo kwenye kucha zake.

"Kinasema tusiguse," akabahatisha.

"Kumbe umefanya makusudi!"

"Ndiyo, baba," akajibu, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe."