Gogo la Cirhuza

Cirhuza hakupenda farasi. Alipenda kuonekana juu ya kitu ambacho hakuna mwingine mjini Kasongo aliye nacho. Tangu shimo lake la dhahabu la Lusangi limtajirishe, alikuwa amenunua kofia pana ya wachunga ng'ombe, ingawa hajawahi kuchunga hata mbuzi, na farasi jike wa miaka minne aliyeshushwa kwenye lori amekonda kama mwiko. Akamwita Ekselansi.

Aliyemnenepesha ni Émérance. Alisomea udaktari wa mifugo Lubumbashi, na huko alijifunza kupanda farasi. Wiki sita sasa alikuwa akimrusha Ekselansi juu ya mwanzi uliolazwa juu ya bidoni mbili za plastiki za kutekea maji: kwanza usawa wa goti, kisha wa paja. Ukiguswa, mwanzi ulianguka tu, na farasi akajifunza kukunja miguu bila hofu.

"Dokta, kila siku fimbo inaanguka," Cirhuza alinung'unika. "Batu banacheka. Weka ya kufika kifuani. Siku ya yenga naita bakubwa."

"Patroni, iko mutoto bado. Tuongeze vidole vitatu."

"Vidole! Mimi nikichimba, siku moja naongeza mita mbili."

Émérance akainamisha macho. Ndiyo maana una akili ya shimo, alisema moyoni.

Jumapili, siku hiyo ya yenga, viti vya plastiki vilijaa. Alipomtoa farasi bandani, akasimama ghafla. Mwanzi haukuwapo. Badala yake kulikuwa na gogo la mti mgumu, limekazwa kwa kamba kwenye nguzo mbili zilizofukiwa ardhini, kwa fundo lile lile ambalo wachimbaji hufungia miti ya kuzuia udongo.

"Sasa haianguki!" Cirhuza alijigamba. "Kwetu, ndani ya shimo, muti ukilegea, batu banakufa. Nimefunga mwenyewe."

Émérance akaitazama miguu myembamba ya Ekselansi. Ingegonga gogo hilo, ingevunjika kama muhogo mkavu.

"Patroni, huku muti usipolegea ndiyo farasi anakufa."

"Panda, mama! Ao unaogopa?"

Wageni wakacheka. Émérance, ambaye sokoni huona haya hata kuomba apunguziwe bei, akamwendea Lukumani, mkata majani ya farasi, akachukua panga lake. Akakata kamba moja, kisha ya pili. Gogo likaanguka kwa kishindo.

"Iko wazimu!" Cirhuza alifoka.

Émérance akarudisha bidoni na mwanzi, akapanda. Mara ya kwanza ukwato uligusa, mwanzi ukaanguka, wageni wakazomea. Mara ya pili Ekselansi akapita juu bila kuugusa.

"Umenipatisha haya," Cirhuza alisema. "Kesho usikuje tena."

Émérance akashuka, akamnyooshea Cirhuza hatamu mbele ya wakubwa wote aliowaita.

"Basi panda wewe, Patroni. Farasi ni yako."

Ekselansi akapiga chafya. Cirhuza akaruka nyuma, akapindua kiti.

"Kesho," alinong'ona akijipangusa suruali, "ukuje mapema."