Simiti Yenye Haraka

Nilimtambua kwa kalamu zake. Zilikuwa tatu mfukoni mwa shati, ya kijani katikati, kama alivyokuwa akizipanga miaka ile kule India. Nywele zilikuwa zimempungukia na tumbo limemtangulia kidogo, lakini kalamu zilikuwa zilezile. Nilisimama mlangoni mwa ofisi ile ya mtaa wa Abu Hamour, bahasha mkononi, nikatamani sakafu inimeze. Kati ya Wahindi wote waliojaa Doha, aliyekaa kunisubiri anihoji alikuwa Bwana Kurian, mwalimu wangu wa maabara ya zege.

"Keti," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye fomu yangu.

Fomu hiyo nilikuwa nimeijaza kwa mkono wangu, na penye uzoefu niliandika kwamba chuoni nilifanya vipimo vya zege. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kuvunja michemraba ya zege kwenye mashine ili kupima nguvu ya majengo yaliyokuwa yakipanda kila upande wa mji mwaka huo wa 2012. Nikiipata, ningeacha kusimama saa kumi na mbili kwa siku kwenye mlango wa hoteli nikipekua mikoba ya watu. Nikiikosa, kesho yake ningevaa tena sare ya ulinzi, mhandisi ambaye shahada yake imelala chini ya godoro chumbani kwangu huko Muaither. Na mtu pekee katika Ghuba nzima aliyejua kwamba sijawahi kuvunja hata mchemraba mmoja wa zege ndiye aliyekuwa ameshika fomu.

Chuo chetu kilianzishwa na tajiri mmoja wa kiwanda cha nyuzi, mara tu baada ya India kupata uhuru. Tulisimuliwa habari zake wiki ya kwanza, tumepangwa mbele ya picha yake kama watoto wa chekechea. Darasa la kwanza lilikuwa ghala la pamba, walimu walikuwa watatu, na wanafunzi walilala juu ya marobota. Tajiri alipowauliza wanahitaji nini zaidi, wangeweza kusema vitanda. Waliomba mashine ya kuvunjia zege, naye akawaagizia moja kutoka Uingereza. Nilipofika mwaka 2003 bado ilikuwepo, kubwa kama kabati la bibi harusi, na uso wa shaba wenye mshale wa kusomea vipimo. Mara moja kwa mwaka, siku yao ya kuheshimu zana za kazi, wanafunzi waliivisha mashada ya maua ya manjano na kuipaka msandali. Siku hiyo haikutumika. Nilipiga makofi pamoja nao, mimi Kerubo, binti wa Kisii niliyelelewa Kisabato, huku nikiomba mama asije akaiona picha.

Nilikipenda chuo kile, nisiseme uongo. Geti la hosteli ya wasichana lilifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni na hakuna kilio kilicholifungua. Wanafunzi wa mwaka wa pili walituimbisha sisi wageni kwenye foleni ya chakula. Nilipokosa wimbo wa Kihindi niliwaimbia wimbo wa taifa wa Kenya, beti zote tatu, mpaka wakaniomba basi. Kila mwalimu tulimwita "sar", yaani bwana kwa Kiingereza cha kule. Na daftari la maabara lilikuwa na uzito kuliko mtihani. Bila daftari lililojaa na kusainiwa huketi kwenye chumba cha mtihani, hata uwe na akili za kugawa.

Mwaka wa tatu tulimimina zege kwenye kalibu za chuma, likashika, tukaizamisha michemraba yetu majini. Ilitakiwa kukaa siku ishirini na nane ndipo ivunjwe. Katikati ya siku hizo kibali changu cha kuishi kikakaribia kuisha, nikaenda mjini kwenye ofisi ya wageni, wakanizungusha karibu wiki mbili: leo picha si ya rangi inayotakiwa, kesho karani yuko harusini. Niliporudi, mwenzangu wa meza, Sudha, alinisukumia daftari lake akaniambia ninakili. Nikanakili kila tarakimu. Juu ya ukurasa palipotaka tarehe, nikaandika tarehe ya siku ile, kwa kuwa ndiyo ilikuwa tarehe. Wala sikuhesabu. Kalibu hazikututosha sote, hivyo michemraba yangu niliimimina siku kumi na mbili baada ya wenzangu; ilikuwa imekaa majini siku kumi na saba tu.

Bwana Kurian alikitazama kile kichekesho kwa muda mrefu. Kisha akasema mbele ya watu sitini kwamba simiti ya kwetu Afrika ina haraka. Darasa likaangua kicheko. Akatia saini, akafunga daftari, akaita jina lililofuata.

Nami nilicheka, halafu nikaenda kujifungia bafuni nikalia. Niliamini wenzangu wote walivunja michemraba yao nilipokuwa kwenye foleni ya wageni, na kwamba mimi peke yangu ndiye mdanganyifu, tena mdanganyifu asiyejua hata kudanganya. Aibu hiyo nilirudi nayo nyumbani pamoja na shahada. Waajiri Nairobi walipokunja uso kwa vyeti vya India, sikubishana. Moyoni nilikuwa upande wao. Ndivyo nilivyoishia kuchukua kazi ya ulinzi Doha, na watu walidhani ni bahati mbaya.

Asubuhi ya usaili huo Velma, mwenzangu wa chumba, alikuwa ameninyooshea blauzi na kunipa maagizo. "Wakikuuliza, sema umevunja mob, mingi hata huwezi kuhesabu," aliniambia. "Nani atajua? Hao wenyewe ndio wanataka kusikia hivyo."

Sasa Bwana Kurian aliiweka fomu mezani, akanitazama kwa mara ya kwanza. Sikuona dalili kwamba amenikumbuka.

"Kule chuoni," aliniuliza, "ulivunja michemraba mingapi?"

Jibu la Velma lilikuwa mdomoni tayari. Ningeweza kusema thelathini, sauti isitetemeke. Lakini nilichoka. Miaka yote ile nilikuwa nimemwogopa mtu huyu, na hapa alikuwa mbele yangu, mzee wa kawaida mwenye chai iliyopoa.

"Hakuna, sar," nikasema. "Hata mmoja."

Nikachukua bahasha yangu niondoke. Kisha akaniambia mimi ni wa tano kutoka chuo kile kuulizwa naye swali hilo tangu aje Qatar. Wanne wa kwanza, kwa maneno yao, wote walivunja, na mmoja wao alivunja mia mbili.

"Mashine ile ilikufa mwaka wa mafuriko," alisema. "Miaka mitano kabla hujafika. Maji yaliingia kwenye pampu. Kila mwaka niliandika barua itengenezwe, na kila mwaka niliambiwa mwaka ujao."

Tarakimu za Sudha, alinieleza, zilikuwa za kundi la mwisho kabla ya mafuriko. Zilirithishwa darasa hadi darasa, naye alizisaini zote. Darasa zima lilijua. Mimi tu niliyekuwa mjini sikuambiwa, maana kila mmoja alidhani mwingine ameniambia.

"Kerubo," alisema, na hapo ndipo nilipojua kwamba alinikumbuka tangu mlangoni. "Nilisaini madaftari zaidi ya elfu. Kweli iliyokuwamo ni tarehe yako tu. Nilikufanyia mzaha kwa sababu niliona aibu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kicheko cha mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya mlima. Miaka yote ile nilijihukumu kwa kukosa siku ambayo haikuwahi kuwapo. Bwana Kurian alinisogezea boksi la tishu akageukia dirisha, akaniacha nimalize.

Uhandisi hakunipa. Alinipa usaidizi wa fundi wa maabara, miezi mitatu ya majaribio, nianze na kuosha kalibu. Velma alisema nimejiuza rahisi. Ilichukua wiki tisa kampuni ya ulinzi kuniandikia barua ya kuniachilia, ambayo bila hiyo huruhusiwi kubadili mwajiri Qatar, na kila siku ya wiki hizo nilipekua mikoba nikiimba.

Mchemraba wangu wa kwanza uliletwa na Nahashon, dereva wetu, kutoka kwenye jengo moja refu. Ulitakiwa ufikishe mshale kwenye thelathini na tano kabla ya kupasuka. Mwakilishi wa mkandarasi alikuja kushuhudia, amevaa kofia yake ngumu hata ndani ya nyumba. Nikauweka, nikafunga kizuizi, nikafungulia mashine. Mshale ukapanda, ukapunguza mwendo, ukasimama, na zege likapasuka kwa kishindo kilichonirudisha hatua moja nyuma.

Bwana Kurian alikuwa ametugeuzia mgongo, kitabu cha vipimo kimefunguliwa mbele yake.

"Ngapi?"

"Ishirini na tisa, sar."

Mwakilishi alisema lazima nimekosea, mimi ni mgeni, hebu mzee aje aangalie mwenyewe kabla mshale haujarudishwa.

"Ameshasoma," alisema Bwana Kurian bila kugeuka, akaandika ishirini na tisa.

Nikafagia vipande, nikapandisha mchemraba wa pili.