Chuma cha Mguu wa Kulia

Katika ligi yetu ya hoki ya barafuni, mchezaji anayeongoza kwa pointi kwenye timu yake huvaa helmeti ya dhahabu. Goli, yaani kisahani cha mpira mgumu kikiingia wavuni, ni pointi moja; pasi iliyozaa goli ni pointi moja. Anayeongoza akipitwa, mimi mtunza vifaa ndiye ninayeihamisha helmeti. Huifanya kazi hiyo asubuhi kabla hajafika mtu, ili pasiwe na mtu wa kuivua kichwani mwake na kumkabidhi mwenzake. Wachezaji wakiingia wanaikuta ikining'inia kwenye ndoano nyingine, wanazungumzia theluji ya barabarani, na siku inaendelea.

Kwa miaka tisa sikuihamisha hata mara moja. Ilikuwa ya Jalmari Huhtiniemi.

Jalmari alitufungia magoli mia tatu na kumi na mawili. Watu walisifu mkono wake. Mimi niliyemnolea visu vya viatu vyake naamini siri ilikuwa miguuni. Aliweza kuja kasi, akasimama ghafla pasipozidi urefu wa meza, akageuka, na beki akawa bado anamkimbilia kule alikokuwa.

Kisu cha kiatu cha barafu hakiko bapa kwa chini. Kina mfereji mwembamba katikati na kingo mbili pembeni. Mfereji ukiwa na kina, kisu kinang'ata barafu. Ukiwa wa juujuu, kinateleza kwa wepesi lakini hakishiki. Jalmari alitaka kina kuliko wote. Hakuna aliyenifundisha mambo haya. Nilikuwa nikinoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao hapa Varpaniemi, na kilipofungwa nikaja uwanjani na tupa yangu moja, ndiyo maana wananiita Tupa. Kwa kuwa sikujua kitu, niliandika kila kitu: tarehe, jina, mguu, kina, chuma kilichobaki. Sasa niko kwenye daftari la kumi na nne.

Katika msimu wa mwisho wa miaka hiyo tisa, kufikia Februari, daftari lilionyesha jambo. Kisu cha kushoto cha Jalmari nilikuwa nimekibadilisha mara moja. Cha kulia, mara tatu. Kilikuwa kinaisha kwa sababu nilikuwa nakinoa mno. Kila mapumziko alikuja na kiatu mkononi.

"Tupa, huu wa kulia hauna makali."

Nilipitisha ukucha juu ya kingo. Makali yalikuwepo. Nilinoa hivyo hivyo. Mtu mwenye dakika chache za kupumua hubishani naye.

Nikafikiri hivi: anaegemea mguu wa kulia, kwa hiyo wa kushoto unauma. Niliandika "kushoto" na alama ndogo ya kuuliza. Lakini alikuwa na pointi arobaini na nne, na hakuna aliyemzidi.

Alhamisi moja kocha Vainikka aliingia kwenye chumba changu na bakuli mbili za supu ya njegere. Aliniwekea yangu karibu na mashine ya kunolea.

"Kesho tunasaini na Jalmari," alisema. "Mkataba wa miaka miwili. Utakapoisha atakuwa na thelathini na tisa. Daktari anasema mzima, yeye anasema mzima, pointi zinasema mzima."

"Sasa unaniuliza nini mimi?"

"Sikuulizi wewe. Naliuliza daftari lako."

Nilikula vijiko viwili vitatu. "Nipe mpaka jioni."

"Unakaa na neno kama kuku na yai, Tupa," alisema, akaondoka.

Nilikuwa na sababu. Miaka mingi nyuma nilimwambia kocha mwingine kwamba beki wetu fulani hajitumi mazoezini, kwa kuwa visu vyake havikuwa vinaisha. Beki akapelekwa timu ya chini. Baadaye nikagundua alikuwa na jozi ya pili, akiifanyia mazoezi ya ziada ziwani na kuinoa kwa mjomba wake. Nilichoandika hakikuwa uongo, ila nilikisoma vibaya. Ukurasa ule ninao mpaka leo.

Basi nikaamua mwenye miguu aulizwe kwanza. Baada ya mazoezi nilimkuta Jalmari ndani ya sauna, chumba cha mvuke, pamoja na Aatos Kemppi, kiungo anayemlisha pasi, mwenye pointi arobaini na moja.

"Babu," Kemppi alikuwa akimwambia, "ile helmeti nimeshaitengenezea rafu sebuleni."

"Tengeneza na kichwa. Hicho kimejaa mvuke."

"Pointi tatu tu."

"Pointi tatu ni ziwa la Aprili, barafu ikiyeyuka. Ng'ambo unaiona, lakini ukikanyaga unazama."

Kemppi alimwaga maji kwenye mawe, mengi kupita kiasi, akatoka akicheka na kutuachia moto wote. Nilimwambia Jalmari akishavaa apite kwangu.

Alipokuja nilimfungulia daftari, nikamwonyesha safu mbili, kushoto na kulia, tangu Oktoba. Alisoma polepole, kidole kikishuka.

"Mguu wa kushoto una nini?" nikamuuliza.

Alinitazama, kisha akacheka kidogo. "Wa kushoto mzima kabisa, Tupa. Nyonga ya kulia ndiyo mbovu. Nikiuegemea mguu ule unaniponyoka. Nilidhani ni kisu."

"Msimu mzima ulidhani ni kisu?"

"Mpaka Krismasi. Baada ya hapo nilijua. Lakini kuja kwako ilikuwa rahisi kuliko kwenda kwa daktari. Yeye nilimwambia siumwi."

"Kumbe nilikuwa nanoa nyonga yako."

"Na ulikuwa unainoa vizuri."

Nikamuuliza magoli yanatoka wapi basi. Akaniambia nikumbuke alikofungia yote ya mwaka huu. Nilikumbuka: hatua mbili mbele ya kipa. "Nasimama pale na fimbo yangu, Kemppi ananiletea kisahani, nakisukuma golini," alisema. "Wanasema nimekomaa. Ukweli ni kwamba siwezi tena kufika kwingine."

Alifunga daftari. "Kocha amekuuliza?"

"Ndiyo."

"Utamwambia nini?"

"Asubuhi ningemwambia mguu wa kushoto."

Hakucheka safari hii. "Akijua, hasaini. Nikipasuliwa ni nusu mwaka, na kwa umri huu huenda nisirudi. Nisipopasuliwa, nasimama mbele ya goli miaka miwili mpaka nyonga isimame yenyewe."

"Mimi sitakwenda kwake," nikasema. "Ila akija tena akaniuliza, sitamwambia sijui."

Mashine ya kukausha glavu ikajizima. Jalmari akaweka viatu vyake mezani. "Ninolee kama zamani. Kina kile kile, miguu yote miwili."

Nilichukua muda wangu. Nilipima mara mbili, nikaondoa vinywele vya chuma kwa jiwe laini, nikamkabidhi. Uwanja ulikuwa mtupu, taa za upande mmoja tu zikiwaka. Alizunguka mara tatu akipasha mwili, kisha akaja kasi kuelekea niliposimama na kugeuza visu, akiegemea mguu wa kushoto. Alisimama pasipozidi urefu wa meza, kama zamani, na unga wa barafu ukanipiga kifuani. Akarudi mbali, akaja tena, safari hii kwa mguu wa kulia.

Kisu hakikuteleza. Nilikiona kikishika barafu vile nilivyokinoa. Nyonga ndiyo iliyoachia, na Jalmari akaanguka kwa ubavu na kwenda mpaka ukutani.

Nilitaka kwenda kumwinua. Akanizuia kwa mkono. Aliketi pale kitambo, mgongo ukutani, akitazama alama mbili alizochora kwenye barafu. Halafu akaja kwenye benchi, akavua viatu, akavishika mkono mmoja na kupanda ngazi za ofisi ya kocha akiwa na soksi. Sikuulizwa tena.

Ijumaa hapakusainiwa kitu. Alipasuliwa wiki iliyofuata, na kocha alisema tu kwamba Agosti watakaa tena mezani. Sijui alimaanisha nini, na sidhani kama mwenyewe alijua.

Kemppi alimpita kwa pointi katika mechi ya tatu baada ya hapo. Kesho yake niliwahi kama ilivyo kawaida, nikakuta taa ya chumba changu inawaka. Jalmari alikuwa ameegemeza magongo yake kwenye mashine, helmeti ya dhahabu mapajani, bisibisi mkononi. Alikuwa anabandua sponji zake.

"Hii ni kazi yangu," nikamwambia.

"Najua. Kahawa iko pale."

Nilikunywa kahawa. Aliweka sponji nene, akakaza skurubu, akaenda kwa magongo mpaka ndoano ya Kemppi na kuitundika. Wala hakuondoka. Aliketi chini yake mpaka wachezaji wakaanza kuingia. Kemppi alipofika mlangoni alisimama, akatazama sakafu, akaanza kusema habari za theluji.

"Theluji tumeiona," Jalmari alimkatiza. "Vaa, tuone kama kichwa kipo."

Kemppi akaivaa. Ikashuka mpaka kwenye nyusi.

"Si nilisema?" Jalmari akasema, akaninyooshea bisibisi.

Nikaongeza sponji. Kisha nikarudi chumbani, nikafungua ukurasa wa Februari, nikakata neno "kushoto" kwa mstari mmoja na kuandika "kulia" pembeni yake, pamoja na tarehe.