Seli Zilizoshikana

Tangu asubuhi fundi wa hadubini hakutulia. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Chai yake ilipoa bila kuguswa.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akizungushia seli mstari kwa mkono, moja moja, kwenye picha ambamo kiini cha kila seli hung'aa buluu na mwili wake kijani. Sasa kazi hiyo ilifanywa na programu aliyoitunga wifi yake, dada wa mumewe: picha mia tatu kwa dakika nne. Na majibu yalikuwa matamu. Visahani vya kuoteshea seli vilivyotiwa dawa mpya vilikuwa na seli za saratani pungufu kwa zaidi ya theluthi. Saa nane mchana mkuu wa maabara angewatangazia wageni.

Matamu mno. Hilo ndilo lililomkereketa wiki nzima.

Akafungua picha moja ya kisahani chenye dawa, akahesabu kwa jicho. Programu ilisema arobaini na moja; yeye akapata sitini na sita. Akachukua nyingine, na nyingine. Kwenye visahani visivyo na dawa, hesabu zililingana. Kwenye vyenye dawa, seli zilikuwa zimekumbatiana, na programu ilizizungushia mbili tatu mstari mmoja ikaziita moja.

Angesema nini? Ataambiwa ana wivu, na ukweni kutawaka moto. Alifika mlangoni kwa wifi yake mara mbili, akageuza. Mara ya tatu akaingia bila hodi.

"Wifi, dawa haiui kitu. Inazishikanisha tu."

"Nilijua utakuja na jambo," wifi akajibu bila kugeuka. "Sema tu kazi imekuponyoka."

Ilimchoma, kwa kuwa haikuwa uongo wote. "Sawa, nina wivu. Sasa hesabu hivyo viini."

Wifi akahesabu, kidole kikigusa kioo. Alipofika hamsini sauti ilififia. Alipomaliza alijifunika uso kwa viganja.

"Mungu wangu. Na mama ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe amegundua dawa!"

"Mama tutamkabili jioni. Twende kwa mkuu."

Mkuu aliwasikiliza akiwa amesimama, tai mkononi.

"Mmengoja wageni wafike getini?"

"Kosa ni langu," wifi akasema.

"Na langu," fundi akadakia. "Nilishuku wiki nzima, nikanyamaza."

Mkuu alitoka akawaambia wageni mwenyewe kwamba hakuna majibu.

Programu ilirekebishwa ianze na kiini, kila kiini na mpaka wake. Dawa ikaonekana haiui, utafiti ukafungwa. Fundi akahamishiwa meza iliyo jirani na ya wifi yake, kazi yake kutafuta picha ngumu za kuitega programu. Kazi nzuri, kila mtu alimwambia. Lakini siku programu isipokosea hata mara moja, kiti chake hakikaliki.