Sauti ya Nyange Imebaki Juu

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi Asya, mtabibu wa viungo, huanza na maswali yale yale: jina lako nani, leo siku gani, hapa ni wapi. Kisha humtajia mgonjwa vitu vitatu, ndoo, shoka, ndizi, na baada ya dakika tano humtaka avirudie. Ndivyo wanavyopimwa hospitalini wote walioumia ubongo, na msimu wa karafuu ukiingia wengi wao huwa wameanguka mtini.

Nyange, mchumaji wa Wawi, alilala siku kumi na tisa bila fahamu. Alipoamka alimtazama mkewe, Bi Mwatum, akamjua, lakini hakusema neno. Asya alimtibu kwa kazi ambayo mgonjwa mwenyewe aliizoea: alimwekea kapu la karafuu mbichi azichambue, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Vidole vya mkono wa kulia, vilivyokuwa vimelala, vikaamka kimoja kimoja. Mdomo haukuamka.

"Sauti yake haiko hapa," alisema Bi Mwatum wiki ya sita. "Iko Wawi, juu ya mkarafuu ule ule alikoanguka. Kila tukipita twaisikia."

Asya aliuliza mti uko umbali gani kutoka barabarani, akachukua fomu zake.

Huko Wawi walimkalisha Nyange jamvini, akaendelea kuchambua. Asya aliinua uso.

"Jina lako nani?"

"Nyange Khatib Mmanga," ilijibu sauti kutoka kileleni.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu. Kwani weye huna siku nyengine?"

Bi Mwatum alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa buibui.

Sauti ilikumbuka ndoo, shoka na ndizi. Ilihesabu kutoka ishirini kurudi nyuma bila kukosea. Asya aliijazia alama zote.

"Shuka basi, bwana," alisema Bi Mwatum. "Watoto washasahau unavyowaita."

"Sishuki mpaka iandikwe sababu ya kuanguka kwangu. Mti ulikuwa umerowa. Nlimwambia Mzee Sleiman, akasema panda."

Mzee Sleiman, mwenye shamba, alikuwa kando akianika karafuu zake. Hakukanusha.

"Ndivyo," alisema. "Lakini mvua yenyewe ilikuwa ndogo. Mkimaliza mnambie, wachumaji wangoja."

Asya aliandika yote kama yalivyosemwa, akayapeleka ofisini. Ijumaa fomu ilirudi na muhuri. Majibu yanayokubalika, ilieleza, ni yale yaliyotoka kinywani mwa mgonjwa, na mgonjwa huyu hana kauli. Penye sababu ya ajali palijazwa kwa wino mwekundu: uzembe wa mchumaji.

Jumatatu iliyofuata Asya alirudi Wawi, akaisoma fomu kwa sauti chini ya mti, maana mgonjwa ana haki ya kujua matokeo yake. Majani yalitikisika kidogo.

"Basi n'takaa," ilisema sauti.

Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyesha, na shina lilikuwa bado liking'aa maji. Mzee Sleiman alimwita Rajab, mdogo wake Nyange, akampa pakacha na kamba.

"Mti umerowa, Rajab," ilisema sauti. "Usipande."

"Msikilize kakako," alisema Mzee Sleiman. "Yeye ndiye ayajuaye matawi ya huko. Haya, panda."

Rajab alivua viatu, akasema bismillahi, akapanda.

Nyange aliacha kuchambua. Aliinuka bila kushikwa, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akaenda polepole hadi penye shina, akainua mikono yote miwili na kuikinga chini ya Rajab. Asya, kwa mazoea ya kazi, aliandika: anasimama mwenyewe, mkono wa kulia umepita bega.

"Jitoe hapo, bwana," Mzee Sleiman alimwambia. "Wakanyaga karafuu."