Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Mkono wa shati ulikuwa umetoka nje ya zipu ya mkoba, umening'inia kama ulimi wa mbuzi, na Chonga alikuwa akiutazama tangu saa tatu asubuhi. Si shati la kike. Mtu aliyefanya udobi miaka thelathini na moja haambiwi hilo na mwingine. Kifungo kilikuwa kikubwa, mshono wa mara mbili, na upana wake ulitosha kupitisha kifundo cha mwanamume aliyeshiba.

Mkoba ulikuwa wa Sidi, binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili kwenye chuo kimoja huko bara, akisomea upimaji wa ardhi. Alikuja nyumbani Kisauni kwa siku nne, na leo alikuwa arudi kwa basi la saa tisa. Asubuhi aliuleta mkoba hapa dukani Kibokoni ili asizunguke nao mjini, akauweka nyuma ya tenga la kanzu, akasema, "Baba, usisumbuke nao, nimeshaufunga." Kisha akaenda Marikiti kuwanunulia wenzake achari.

Usisumbuke nao. Nani aliyesema atasumbuka?

Chonga aliinua pasi ya makaa, akapuliza jivu, akairudisha juu ya kanzu. Akapita mstari uleule mara tatu.

Siku nne hizo amekuwa akiokota dalili moja moja, kama kuku anavyookota mchele. Simu ikilia, Sidi hutoka nje. Akiulizwa ni nani, "Mwenzangu wa chuo." Mwenzake hana jina? Joto hili la mwezi wa tatu, joto la kumvua nguo mchawi, yeye na nguo ya mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Jana mchana alilala papo hapo alipoketi, kijiko cha wali kikiwa njiani kwenda mdomoni, na mamake, Mbodze, akakitoa kile kijiko polepole bila kusema neno. Hilo ndilo lililomkera Chonga kuliko yote. Mbodze si mwanamke wa kutosema neno.

"Kijana aenda leo?" Abdulghafur aliuliza kutoka ng'ambo ya kichochoro. Abdulghafur ni fundi wa makubadhi, na baraza yake inatazamana na mlango wa Chonga, miguu ya wapitao ikiwapita katikati. Ngozi ilikuwa mapajani mwake, na macho yake yalikuwa kwenye mkoba.

"Saa tisa, inshallah."

"Ule mkono wa shati wa nani?"

"Mkono gani?"

"Ah, Chonga. Mimi kipofu?" Abdulghafur alichoma shimo kwenye ngozi. "Mpwa wangu alikwenda chuo na sanduku moja. Akarudi na sanduku moja na mume."

"Sidi hayuko hivyo."

"Na mpwa wangu hakuwa hivyo. Mpaka alipokuwa."

Marehemu Kamaludin, mzee aliyemfunza kazi hii akiwa kijana wa kutoka Kaloleni asiyejua hata kukunja kanzu, alikuwa na sheria chache, na ya kwanza ilikuwa hii: dobi hafungui asichopewa. Ukiletewa nguo, mifuko ipekue, ukutacho kitie mkebeni, usikisome. Usipoletewa, hata kama mlango uko wazi, pita. Kwa sheria hiyo Chonga ameaminiwa na nyumba za Kibokoni nzima. Anajua ni bwana gani asiyelala kwake na bibi gani ana maradhi, na hajapata kumwambia mtu.

Alitua pasi kwenye kigae chake. Akaenda nyuma ya tenga, akavuta zipu.

Mashati. Akatoa la kwanza, la pili, akaacha kuyatoa moja moja, akayamwaga yote mezani. Saba. Yote ya kiume. Yamefuliwa, yamekaushwa, hayajapigwa pasi. Chini yake ndipo zilipokuwa nguo za Sidi mwenyewe, chache, zimebanwa pembeni kama wageni katika nyumba ya watu.

"Haya basi," akasema Abdulghafur taratibu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha sautini.

"Haendi," Chonga akasema.

"Mngoje mwanzo aje."

"Haendi kokote. Tiketi nitaichana. Na mamake ataniambia alikuwa akinyamazia nini."

Mikono ya dobi ikikosa la kufanya hushika nguo. Alichukua shati la juu akapindua kola nje. Hakuwa na nia yoyote, ilikuwa mazoea tu. Kila nguo iingiayo kwa dobi hutiwa alama ya uzi ndani ya kola ili isipotee katika za wengine: kanzu za Abdulghafur zina nukta tatu, za mwalimu wa madrasa zina jino la papa. Nguo za nyumbani peke yake ndizo zisizotiwa kitu. Kamaludin akisema nguo ya mgeni hutiwa alama ipate njia ya kurudi kwao, na ya nyumbani iko kwao tayari.

Ndani ya kola ile mlikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu.

Kwa hiyo bwana ana dobi wake. Chonga alicheka puani, kicheko kibaya. Alilisogeza shati mlangoni kwenye mwanga, amwone dobi huyo wa bara ni fundi wa namna gani. Dobi humjua dobi mwenzake kwa fundo. Wengi hulifunga juu, likawa linamchoma mwenye shati shingoni. Hili halikuonekana. Lilikuwa limefichwa katikati ya mikunjo miwili ya kola, uzi ukarudishwa chini yake na kukatwa kwa jino. Kamaludin alifunga hivyo, na Kamaludin hakumfunza mtu mwingine ila Chonga.

Chonga akavaa miwani.

Msalaba ulikuwa umelala kombo. Uzi wa juu ulielekea upande ambao wa Chonga hauelekei kamwe, upande anaoelekea mtu ashikaye sindano kwa mkono wa kushoto. Mbodze aliwahi kuufunga mkono wa kushoto wa Sidi, utotoni, kwa leso mwezi mzima ili ale kwa wa kulia. Kula alijifunza. Mengine yote aliendelea kuyafanya alivyozaliwa.

"Vipi?" akauliza Abdulghafur.

Chonga alipindua kola ya pili. Jino la papa, kombo. Ya tatu, nukta tatu.

"Hata, si kitu," akasema. "Makaa yamepoa, niletee kipepeo."

Sidi aliporudi na mfuko wa achari alikuta mlango umejaa mvuke. Alimwamkia Abdulghafur, "Shikamoo, ami," na Abdulghafur akaitikia bila kuinua uso, jambo lisilokuwa kawaida yake. Kisha Sidi akaliona shati juu ya meza na mkoba ulio wazi. Alisimama kizingitini.

"Nani kakufunza kutia wanga hivi?" Chonga aliuliza. Hakuacha kupiga pasi.

"Wewe."

"Mimi sikukufunza."

"Nilikuwa nikiketi pale." Alionyesha pembe ya chumba, palipokuwa na gunia la makaa. "Kila siku nikitoka shule."

"Umeuzidisha. Kola yasimama kama bati. Lete mikono."

"Baba."

"Mikono, Sidi."

Alivuta nguo juu. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa imepasuka na kuwa nyeupe, na kwenye kifundo cha kushoto palikuwa na kovu la moto lenye umbo la ncha ya pasi. Chonga alikuwa na lake mahali pale pale, ila kulia. Siku Sidi alipopata barua ya chuo, Chonga alisimama hapa mbele ya kichochoro kizima akaapa kwamba mikono ya mtoto huyu haitaingia maji ya dobi maadamu yeye yu hai. Watu waliitikia amina. Ilikuwa siku nzuri.

"Nguo za watu ni nyingi?" aliuliza.

"Bweni letu na la wavulana. Maji yalikatika wiki nzima kule, nikashindwa kuzimaliza. Nikaja nazo. Nimezifua kwa jirani ulipokuwa kazini."

"Mamako ajua?"

"Ajua."

Pasi ilikwenda, ikarudi. Nje, Abdulghafur alikuwa amepunguza kupiga nyundo ili asikie vizuri.

"Ninachotuma hakifiki?"

"Chafika, baba. Hakifiki mwisho wa mwezi tu."

"Na masomo?"

Hapo ndipo alipochelewa kujibu, na Chonga, aliyekuwa akijiona ameshalijua jambo lote, akaiinua pasi juu ya nguo.

"Mtihani mmoja nililala," Sidi akasema. "Nilipoamshwa walikuwa wakikusanya karatasi. Nitaurudia mwezi wa tano. Nikiukosa tena, narudia mwaka."

"Na wewe umekaa siku nne nyumbani kwangu, husemi."

"Ningesema saa ngapi? Kila ukipiga simu waniuliza niko wapi, niko na nani, mbona nyuma yasikika sauti ya mwanamume. Nimeshasema mpaka nimechoka. Hujaniuliza hata siku moja nimekula nini."

Hakulisema kwa sauti kubwa. Angelisema kwa sauti kubwa, Chonga angejua la kufanya nalo. Nyundo ya ng'ambo ilinyamaza kabisa.

"Umekula nini leo?" akauliza baadaye.

"Sijala."

"Abdulghafur."

"Labeka."

"Mbaazi za mkeo zimebaki?"

"Za mtu mmoja hazikosi," alisema Abdulghafur, akaondoka bila kutafuta viatu, yeye mshona viatu.

Sidi alikula ameketi kwenye gunia la makaa, sahani mapajani, mahamri mkono wa kulia kama alivyofunzwa. Chonga alipiga pasi na kusema bila kumtazama, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nguo. Magadi usitie, ndiyo yanayokula ngozi. Kabla ya kufua, jipake mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko, ukimaliza, ndimu. Pasi ya umeme haishikwi kama hii, yateleza, kifundo kiweke juu. Nguo ni Jumamosi peke yake. Anayetaka Jumatano akafue mwenyewe, ana mikono. Na mpaka mtihani huo upite, usipokee hata soksi.

"Nao wakienda kwa mwingine?"

"Watarudi. Fundo lako halichomi shingo."

Sidi alitafuna kidogo. "Umeliangalia?"

"Nimeliangalia."

Ilikaribia saa nane na nusu. Sidi aliosha sahani bombani, akairudisha kwa Abdulghafur, akabaki pale barazani akisubiri tuktuk ya kumpeleka Mwembe Tayari kwenye basi. Chonga alimsikia yule mzee akimwuliza, "Sasa huo upimaji wa ardhi, waweza kupima kichochoro hiki uniambie kama Chonga kanilia mpaka wangu?" na Sidi akacheka, kicheko ambacho nyumbani Kisauni hakikusikika siku nne.

Mashati sita yalikuwa tayari. Alama alikuwa amezipitia zote moja baada ya nyingine, na mahali fundo lilipolegea alilikaza. Akavuta la saba.

Lilikuwa la buluu, si jipya. Lilikuwa limefuliwa vizuri kuliko mengine yote, kola imesuguliwa kwa subira mpaka weusi wa shingo umeondoka na rangi imebaki. Kifungo kimoja kilikuwa si cha asili yake, kimetafutwa cha kufanana nacho. Chonga aliipindua kola.

Hapakuwa na kitu, kama nguo ya nyumbani.

Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akatazama chini ya pindo, akatazama kwenye mshono wa ubavuni, ambako madobi wengine huficha. Hapakuwa na msalaba, wala nukta, wala tundu la sindano kuonyesha palikuwa na kitu kikatolewa. Alililaza mezani. Mkono wa shati ulipita ukingo wa meza, ukaning'inia chini karibu ya kufika kwenye ndoo. Mwenyewe mrefu.

Nje, Sidi alikuwa akiongea na simu. Alikuwa amesogea hatua tatu kutoka barazani, mgongo ameuelekeza ukutani, na sauti ameishusha.

Chonga alichukua sindano kutoka kwenye kipande cha sabuni alimozoea kuichomeka. Ilikuwa na uzi tayari. Akaishika juu ya kola ile, akasikiliza. Neno hata moja halikumfikia. Kisha tuktuk ikaingia kichochoroni ikipiga honi, na wapitaji wakajibana kutani.

"Baba, imefika."

"Naja."

Alirashia maji. Akaanza na kola, kutoka ncha kwenda katikati, kisha ncha ya pili, kama alivyofunzwa. Akapiga pasi mgongo, akapiga pasi ile mikono mirefu, mmoja, na mwingine, hakuharakisha, na dereva akapiga honi tena. Akalikunja. Akaliweka juu ya yale sita, kola juu, akavuta zipu mpaka mwisho na kuupapasa mkoba pande zote ahakikishe hakuna kilichotoka nje.

Sindano ilikuwa bado mkononi. Aliichomeka kifuani mwa shati lake mwenyewe, akaubeba mkoba, na alipotoka kwenye jua ule uzi mwekundu ulikuwa ukining'inia kifuani pake, haujafungwa fundo.