Namba za Kweli za Minza

Tangu avunje ungo, Minza hakuujua mwezi hata mmoja uliopita salama. Siku zake zikifika alijikunja kitandani kama jongoo aliyeguswa, wenzake wakipalilia mpunga kule Usangu. Mama mkwe aliuita uvivu. Nkuba, mumewe, hakubishana na mtu. Alimpandisha basi wakaenda Mbeya mjini.

Hospitalini daktari akamweleza: nyama zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi zilikuwa zimeota nje yake, na kila mwezi zinavimba. Ugonjwa huo unaitwa endometriosisi. Yeye na wenzake hapo walikuwa wanajaribu kidonge kinachozuia kimeng'enya kimoja mwilini, kile kinachochochea uvimbe na maumivu. Nusu ya wanawake wangepewa dawa, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na hata daktari asingejua nani kapewa nini. Minza akakubali, akatia saini. Akapewa daftari aandike kila jioni, kutoka sifuri hadi kumi, ameumia kiasi gani.

Mwezi wa kwanza aliumia vilevile. Ilikuwa nane, siku nyingine tisa. Kila jioni akaandika tatu.

Aliporudi hospitalini, Nesi Severina, mzaliwa wa Iringa, alilitazama daftari, kisha akamtazama yeye. "Tatu, dada? Mbona jasho linakutoka na umeng'ang'ania meza?"

Machozi yakamtoka Minza. "Niliogopa. Mkiona siponi, si mtaniacha?"

"Hatumwachi mtu kwa kuumia. Ila ukituficha, kesho wenzako watameza dawa isiyofaa wakidhani inafaa. Sitaki unifurahishe, nataka ukweli."

Minza akaomba kalamu. Akazikata zile tatu kwa mstari mmoja mmoja, akaandika namba za kweli pembeni.

Mwezi wa tatu akaandika sita, bila kujilazimisha. Wa tano, mbili. Mwezi huo mama mkwe alimkuta shambani, matope magotini.

"Minza, si ndizo siku zako hizi?"

"Ndizo, mayu, mama yangu."

Mama mkwe akapandisha kanga yake. "Nilikuonea, mwanangu," akasema, akaingia majini kupalilia pembeni yake.

Jaribio lilipokwisha, Severina akapiga simu. "Ulikuwa unameza dawa yenyewe, dada! Si wote iliowasaidia, lakini wengi wamepata nafuu. Sasa tunaanza jaribio kubwa zaidi, Mbeya na Iringa."

"Na wale waliopewa vitupu?"

"Wameanza ya kweli Jumatatu hii."

"Afadhali," Minza akasema, akashusha pumzi. "Afadhali sana."